Mawaziri Wakuu na muda wao: cheo ni amana

Bismillah. Muda wa cheo anaujua Allah peke yake. Mohammed Shamte alikuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar huru kwa mwezi mmoja tu, hadi 12 Januari 1964. Katika Muungano, Mzanzibari Dk. Salim Ahmed Salim alishika wadhifa huo Aprili 1984, Sokoine alipofariki ajalini, hadi Novemba 1985. Frederick Sumaye alikaa miaka kumi, 1995 hadi 2005. Mizengo Pinda wa Mpanda, iliyokuwa Mkoa wa Rukwa pamoja na Kipili, alikaa 2008 hadi 2015.

Mvuvi wa Kipili na mkulima wa Pemba hawahesabu miaka. Wanauliza kama walitendewa haki. Nasi, wazazi, tutaulizwa juu ya walio chini yetu. Wallahu a'lam.