Barua ya kurasa 33

Usonji hauna kipimo cha damu. Daktari humtazama mtoto akicheza, kisha humuuliza mzazi: alianza kusema lini? Akiitwa hugeuka? Huonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukione?

Ndivyo ilivyoanza. Mwaka 1943, Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11. Wa kwanza alimjua kwa barua ya kurasa 33 kutoka kwa babake.

Kisha Victor Lotter akawatafuta watoto hao Afrika, Kenya ikiwemo. Ripoti yake ya 1978: kati ya watoto zaidi ya 1,300, wenye usonji ni 9 tu. Ati huku ni nadra! Lakini alitafuta kwenye taasisi za wenye ulemavu wa akili. Aliyefungiwa nyumbani, akisemwa ana jini, nani alimhesabu?

Kwa hivyo pale Feri, ukimwona mama wa Likoni akivuka na mwanawe aliyeziba masikio kwa kelele, usimwambie mtoto hana adabu. Mpishe. Huenda anaenda kwa daktari kisiwani, na zile kurasa 33 anazo kichwani. Swali ni kama atasikizwa.