Inchi Chache Juu ya Ngozi: Historia ya Maikrofoni za Dramu

Katika miongo ya mwanzo ya kurekodi muziki, dramu ndiyo ala iliyoogopwa sana studioni, na dawa kubwa waliyokuwa nayo mafundi mitambo ilikuwa kuiweka mbali. Kabla ya 1925 sauti iliingia kwenye pembe kubwa, ikatikisa kiwambo kilichounganishwa na sindano, nayo sindano ikachora mfereji juu ya bamba la nta. Pigo moja zito la dramu kubwa, yaani ile inayokaa sakafuni na kupigwa kwa mguu, liliweza kuirusha sindano nje ya mfereji wake na kuliharibu bamba zima. Ndiyo maana wapiga dramu wengi wa jazi ya Marekani waliorekodiwa enzi hizo husikika wakigonga vipande vya mbao na kengele zaidi kuliko ngozi, na anayewapima kwa santuri hizo anawaonea, kwa kuwa anachokisikia ni masharti ya mtambo, si uwezo wa mpigaji.

Kurekodi kwa umeme, kulikoenea kuanzia 1925, kuliiondoa pembe na kuleta maikrofoni, lakini hofu haikuondoka nayo. Maikrofoni ya kondensa, ambayo E. C. Wente wa Western Electric aliibuni mwaka 1916, ina kiwambo chembamba kinachokaa mkabala na bamba lenye chaji ya umeme, na kwa hiyo hunasa hata mlio hafifu. Hata hivyo ilikuwa ghali, na saketi zake zilizidiwa upesi na kishindo. Maikrofoni ya utepe, iliyopata umaarufu katika redio za Marekani miaka ya 1930 kupitia RCA 44, hunasa sauti kwa ukanda mwembamba wa alumini uliotundikwa kati ya sumaku, na mkupuo wa hewa utokao kwenye dramu kubwa unaweza kuukunja au kuuchana. Aina ya tatu, dainamiki, ambamo kiwambo husogeza koili ndogo ya waya ndani ya sumaku, ilistahimili vishindo, ingawa wengi hawakuihesabu kuwa sawa na kondensa kwa usafi wa sauti. Kutokana na hali hiyo, seti nzima ya dramu mara nyingi ilipewa maikrofoni moja iliyoning'inia juu yake, na pengine nyingine mbele ya dramu kubwa, kwa umbali wa heshima. Mizani kati ya matoazi na ngozi ilibaki mikononi na miguuni mwa mpigaji mwenyewe, na ubora wa chumba ukawa sehemu ya ala.

Badiliko linalotajwa zaidi lilitokea London mwezi Aprili 1966, katika studio za EMI zilizoko barabara ya Abbey Road, Beatles walipoanza kurekodi albamu ya Revolver. Geoff Emerick, aliyekuwa na umri wa miaka 20 na ndiyo kwanza amekabidhiwa kazi ya fundi mkuu wa kundi hilo, alichukua sweta ya sufu yenye shingo nne, iliyowahi kutumika katika picha za kundi, akaisokomeza ndani ya dramu kubwa ya Ringo Starr ili kuzima mwangwi wake, kisha akaisogeza AKG D20, dainamiki iliyotengenezwa Vienna, hadi inchi chache kutoka kwenye ngozi. Mlio huo ukapitishwa kwenye Fairchild 660, mtambo wa valvu unaobana sauti, yaani unaoteremsha vilele vyake ili kishindo na mvumo unaokifuata vikaribiane kwa nguvu. Kanuni za ndani za EMI zilikataza maikrofoni kukaa karibu kiasi hicho, kwa kuhofia kuwa shinikizo la hewa lingeiharibu, na kwa maelezo ya Emerick mwenyewe, uongozi ulimpa baadaye ruhusa ya maandishi iliyohusu kazi za Beatles peke yake. Kumwita mwanzilishi wa mbinu hii ni kutia chumvi, kwani Rudy Van Gelder, aliyerekodi jazi huko New Jersey tangu miaka ya 1950, alikwisha kujulikana kwa kuzisogeza maikrofoni zake karibu na ala. Alichofanya Emerick ni kuifanya mbinu hiyo isikike na ulimwengu mzima.

Faida ya ukaribu inaelezeka kwa hesabu rahisi. Kila umbali kati ya chanzo na maikrofoni unapopunguzwa kwa nusu, sauti inayokuja moja kwa moja huongezeka kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa chumba haubadiliki sana; maikrofoni iliyokuwa mita moja kutoka kwenye dramu ikisogezwa hadi sentimita 12 na nusu, dramu hiyo hukizidi chumba kwa desibeli 18 zaidi ya awali. Ukaribu una gharama pia. Maikrofoni inayosikia upande mmoja, ambayo ndiyo inayofaa kwa kazi hii kwa sababu hupunguza kelele za dramu jirani, huongeza besi kadiri inavyokaribia chanzo, na pale ambapo maikrofoni mbili hunasa pigo moja kwa nyakati zinazopishana kidogo, mawimbi yake yanaweza kufutana na kuiacha dramu ikiwa nyembamba. Uteuzi ukawa basi suala la kusawazisha uvumilivu, upande wa usikivu na ladha. AKG D12 na D20 zilizoeleka kwenye dramu kubwa. Sennheiser MD 421, iliyotoka 1960, ikapendwa kwa tomu, yaani dramu za ukubwa wa kati. Na snea, yaani dramu ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, ikaangukia kwa Shure SM57 ya mwaka 1965, iliyotokana na Unidyne III ambayo Ernie Seeler aliibuni 1959. Herufi SM husimamia maikrofoni ya studio, na si bure kulitaja hilo, kwa sababu jukwaa ndilo lililoipa umaarufu.

Jukwaani, ukaribu ulikuwa na sababu kubwa kuliko ladha. Magitaa yalipopewa vikuza sauti vyenye nguvu, mpiga dramu katika ukumbi mkubwa alizama, na maikrofoni ya mbali haikumsaidia, kwa kuwa ilinasa spika pamoja naye, sauti ikazunguka kutoka spika hadi maikrofoni na kurudi, na mluzi ukatokea. Kilichofaa ni dainamiki ngumu, isiyo ghali, inayoweza kugongwa na fimbo usiku na kutumika tena kesho yake.

Studioni, mikanda ya njia 8 na kisha 16 iliwawezesha mafundi kuipa kila dramu nafasi yake, na katika miaka ya 1970 rekodi nyingi zikawa na dramu zilizofunikwa vitambaa, kavu kama zilizopigwa kabatini. Usafi ulipatikana, uhai mara nyingi ukapotea. Wapo waliokwenda kinyume mapema. Katika jumba la Headley Grange huko Hampshire, kwa albamu ya Led Zeppelin iliyotoka 1971, fundi Andy Johns alimweka mpiga dramu wa kundi hilo, John Bonham, chini ya ngazi na kutundika juu yake Beyerdynamic M160 mbili, ambazo ni za utepe, bila maikrofoni yoyote kwenye dramu kubwa. Wimbo wa When the Levee Breaks ndio ushahidi. Mwaka 1979, katika studio ya Townhouse jijini London, fundi Hugh Padgham alisikia dramu za Phil Collins kupitia maikrofoni ya kuwasikiliza wanamuziki, ambayo kibanaji chake kilikuwa kikali mno, akaamua kuirekodi na kuifunga kwa lango la sauti, mtambo unaokata mlio unaposhuka chini ya kiwango fulani. Sauti hiyo, iliyosikika kwanza katika albamu ya tatu ya Peter Gabriel, ilitawala muziki wa pop wa muongo uliofuata, nayo ilitoka kwenye maikrofoni ambayo hakuna fundi angeiteua kwa ajili ya dramu.

Tangu hapo studio nyingi huweka maikrofoni za karibu na za mbali kwa pamoja, na fundi huamua baadaye kiasi cha chumba anachokitaka. Jukwaani uhuru huo ni mdogo, kwa kuwa spika haziruhusu. Huko dainamiki bado hufungwa inchi chache juu ya ngozi, na SM57 ingali inatengenezwa.