Bakteria wa kuku na utumbo wa mtoto wako

Katika nyumba nyingi kuku huzunguka uani, na wengine huingia jikoni au hulala ndani. Mtoto anayetambaa hushika mahali walipoacha kinyesi, kisha hutia vidole mdomoni. Kwa njia hiyo anaweza kumeza bakteria aitwaye kampilobakta. Kuku anaweza kuwa na bakteria huyu tumboni bila kuonekana mgonjwa, lakini mtoto akimpata anaweza kuharisha sana.

Ukuta wa utumbo ukoje?

Ukuta wa utumbo umefunikwa kwa ndani na tabaka moja tu la seli. Seli hizi zimekaa bega kwa bega na kushikamana kwa protini zinazofanya kazi kama gundi. Mbili kati ya protini hizo huitwa E-kadherini na okludini. Ukuta ukiwa mzima, virutubisho na maji hupita kuingia mwilini, na vijidudu huzuiwa nje. Seli zilizochakaa hubadilishwa na mpya kila baada ya siku chache.

Bakteria huyu hufanya nini?

Kampilobakta ana umbo la kujipinda na anajua kuogelea, hivyo hupenya ute unaolinda utumbo. Akifika kwenye seli, hutoa kimeng'enya kinachokata E-kadherini na okludini, kama mkasi unavyokata uzi wa mshono. Seli huachana, na bakteria hupenya katikati yake.

Mwili hupambana naye, na ukuta wa utumbo huvimba. Hapo mtoto hupata homa, maumivu ya tumbo na kuharisha, wakati mwingine choo chenye damu. Mara nyingi dalili huanza siku 2 hadi 5 baada ya kumeza bakteria.

Je, asipoharisha yuko salama?

Si lazima. Utafiti wa MAL-ED ulifuatilia watoto tangu kuzaliwa katika nchi 8, ikiwemo Tanzania, eneo la Haydom. Watoto waliopatikana na kampilobakta mara kwa mara kwenye choo, hata bila kuharisha, walikuwa wafupi zaidi walipofika miaka 2. Utumbo wao pia ulionyesha dalili za kuvuja na kuvimba. Utumbo wa namna hiyo haunyonyi virutubisho vizuri, hata kama mtoto anakula.

Unawezaje kumkinga?

- Mnyonyeshe maziwa yako pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Katika utafiti huo, walionyonyeshwa hivyo walipata maambukizi haya kwa nadra zaidi.
- Wajengee kuku banda, wasilale ndani na watu.
- Zoa kinyesi cha kuku kila siku, na mweke mtoto achezee juu ya mkeka safi.
- Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika kuku na kabla ya kumlisha mtoto. Mnawishe na yeye.
- Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa ya maji.
- Pika kuku hadi aive kabisa. Osha kwa sabuni kisu na kibao ulichomkatia kabla ya kukatia kitu kingine.

Akiharisha, fanya nini?

Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, kila anapoharisha. Changanya pakiti kama ilivyoandikwa, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, kwa sababu utumbo unahitaji chakula ili ujijenge upya. Mhudumu wa afya atampa vidonge vya zinki. Vimalize hata kama kuharisha kumekoma.

Usimpe antibayotiki zilizobaki nyumbani, wala dawa ya kufunga tumbo.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona:

- damu kwenye choo
- macho yamezama, au hakojoi kama kawaida
- anashindwa kunywa au kunyonya
- anatapika kila anachopewa
- amelegea, haamki vizuri, au amepata degedege

Mtoto wa chini ya miezi 2 anayeharisha apelekwe siku hiyo hiyo, hata bila dalili hizi. Njiani endelea kumnyonyesha, na mwenye umri mkubwa zaidi mpe ORS.