Usasa na Usasaleo: Mifano Miwili ya Ukambani

Istilahi ya usasaleo imeingia katika uhakiki wa Kiswahili ikimfuata nduguye, usasa, na mara nyingi hutumiwa kama muhuri upigwao juu ya kila kazi iliyokiuka kaida. Makala haya yanakusudia kuupima muhuri huo kwa waandishi wawili: John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, na David Maillu, aliyezaliwa Kilungu, Makueni, mwaka 1939.

Usasa, japo uliyavunja maumbo ya kale, uliendelea kutafuta umoja nyuma ya vipande. Usasaleo, kama alivyoueleza Jean-François Lyotard mwaka 1979, huzishuku simulizi kuu zinazodai kueleza kila jambo. Aidha, huondoa mpaka baina ya sanaa ya wasomi na sanaa ya umma.

Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alichunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Akatoa dhana mbili alizozipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kisha akazifanya ufunguo wa fikra za bara zima. Ingawa aliupinga mtazamo wa Kimagharibi wa wakati uendao mbele daima, kule kukusanya wingi chini ya kanuni moja kunashabihiana na usasa.

Maillu alishika njia nyingine. Katika miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, akauza vitabu vya ulevi na mapenzi ya mjini ambavyo wahakiki wengi walividharau. Mwaka 1989 alitoa Without Kiinua Mgongo, kitabu kinachochanganya Kiingereza na Kiswahili tangu jina lake.

Je, huyu ni mwana-usasaleo? Kwa umbo, yaelekea ndivyo. Kwa chanzo, sivyo. Lyotard alianza na shaka. Maillu alianza na msomaji, yaani mtu wa mjini aliyekwisha kuzichanganya lugha hizo kinywani mwake. Tena hakuacha kuonya kwamba ulevi na uasherati huangamiza, na mwenye kuonya hivyo hajaacha kuamini ukweli.

Hatuna budi, basi, kuitafiti historia ya kazi kabla ya kuipa jina. Tukitazama umbo peke yake, fasihi ya Ukambani itageuka kiambatisho cha mijadala ya Paris, ilhali ina sababu zake yenyewe.