Kodi ya Chumba Huamuliwa na Nani?

Kitenzi "kupanga" kina maana nyingi. Tunapanga vitabu mezani, tunapanga safari, na tunapanga nyumba, yaani tunakaa katika nyumba isiyo yetu kwa kulipa kodi kila mwezi. Anayekaa ni mpangaji, na anayempa nafasi hiyo ni mpangishaji. Leo tutazame historia ya watu hawa wawili katika nchi yetu ya Msumbiji, tukiongozwa na swali lililo juu ya ukurasa huu.

Swali hilo si geni kwa wenyeji wa Olumbi na wilaya nzima ya Palma. Kijijini mtu hujenga kwa miti, udongo na makuti, na mwisho wa mwezi hakuna anayebisha hodi kudai kodi. Lakini tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao kwa vyombo vya baharini hadi Pemba. Waliokuwa na ndugu walipokewa. Wengine walilazimika kutafuta chumba cha kupanga katika mitaa kama Paquitequete, Natite na Cariacó. Waliukuta mji ambao tangu kugunduliwa kwa gesi katika bonde la Ruvuma, mwaka 2010, ulikuwa umeyaona makampuni na wageni wenye fedha, na kodi ilikuwa imepanda. Mvuvi aliyepoteza mashua na nyavu alitafuta chumba katika soko moja na wageni hao.

Je, bei ya namna hiyo ni kama mvua, kwamba hatuna la kufanya ila kuisubiri? Historia inatujibu kwamba sivyo.

Wakati wa ukoloni wa Wareno, mji mkuu, Lourenço Marques, ulikuwa kama miji miwili. Mmoja ulikuwa mji wa saruji, wenye maghorofa, maji ya bomba na umeme, ambamo waliishi hasa Wazungu. Mwingine ulikuwa mji wa matete, ulioukalia Waafrika wengi. Huko kwenye matete wakazi walizuiwa kujenga nyumba za kudumu, hata baadhi yao wakainua kuta za matofali kwa siri, nyuma ya ua wa matete. Tofauti ya makazi, basi, haikuletwa na umaskini peke yake. Ililetwa pia na amri.

Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975. Wareno wengi waliondoka na kuacha majumba matupu. Tarehe 3 Februari 1976, Rais Samora Machel alitangaza kwamba nyumba za kupangisha zimekuwa mali ya taifa. Siku hiyo hiyo alitangaza pia jina jipya la mji mkuu, Maputo. Familia iliendelea kuwa na nyumba iliyoishi, lakini kupangisha kwa faida binafsi kulikoma. Hatua kama hiyo ilikwisha kuchukuliwa na jirani zetu. Tanzania, mwaka 1971, ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba.

Nchini mwetu kazi hiyo ilipewa shirika la serikali lililojulikana kwa kifupi kama APIE. Kodi ilihesabiwa kwa kutazama kipato cha familia. Kumbuka kuwa katika Kiswahili neno "kodi" ni malipo ya nyumba na pia ni ushuru wa serikali. Mpangaji wa APIE alilipa zote mbili kwa serikali ile ile. Kwa mara ya kwanza, mfanyakazi wa kawaida aliweza kupata ufunguo wa nyumba ya ghorofa ambayo zamani aliingia kwa mlango wa nyuma, kufua na kupika.

Hata hivyo, tusiisome historia kwa jicho moja. Nyumba za saruji zilikuwa chache, na wengi walibaki palepale kwenye matete. Kodi ndogo haikutosha kugharimia matengenezo. Vita vikaimaliza hazina ya nchi, na lifti na pampu za maji zikaharibika bila kutengenezwa. Mwaka 1991 sheria mpya iliruhusu wapangaji raia kuzinunua nyumba walizokaa. Baadhi yao waliwapangishia wageni kwa dola, wao wakahamia pembezoni mwa mji. Aliyekuwa mpangaji akawa mpangishaji, na bei ikarudi mikononi mwa soko.

Msomaji, mafunzo mawili yanajitokeza. La kwanza, kodi nafuu haianguki kutoka mbinguni. Huwepo pale jamii inapoamua iwepo, na hutoweka pale inapoamua vingine. La pili, kushusha bei bila kujenga nyumba mpya, na bila kutunza zilizopo, ni kama kuteka maji kwa pakacha. Katiba yetu ya mwaka 2004, ibara ya 91, inampa kila raia haki ya makazi yenye staha, na inaitaka serikali iweke mazingira ya kuifikia haki hiyo kwa kadiri ya uwezo wa uchumi. Raia anayeijua ibara hiyo anaweza kuuliza katika mkutano wa mtaa: nani anajenga, nani anatunza, na nani anaamua bei?

Nawe ukienda mjini kusoma au kutafuta riziki, usilipe fedha kabla ya kuona chumba, choo na maji. Uliza idadi ya miezi inayotakiwa kulipwa mbele. Andikianeni makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja, na udai stakabadhi kila unapolipa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Zoezi: mtafute mzee aliyewahi kukaa katika nyumba ya APIE, au jamaa aliyepanga chumba Pemba baada ya mwaka 2021. Muulize alilipa kwa nani, na nani aliamua kiasi. Kisha andika aya moja ukitumia maneno mpangaji, mpangishaji, kodi na stakabadhi.