Padri, Mfamasia na Ufunguzi wa Kihispania

Wachezaji wa sataranji wa Baghdad walikuwa na vitabu vyao tangu karne ya 9. Al-Adli aliandika, kisha as-Suli akaandika kumkosoa. Lakini waziri wa enzi hizo, aliyesimama pale alipo malkia leo, alisogea nyumba moja tu kwa mshazari. Majeshi yalichelewa kukutana, kila mtu akajipanga kwa utulivu.

Mwishoni mwa karne ya 15, kusini mwa Ulaya, malkia na askofu walipewa nguvu walizo nazo sasa. Mfalme akawa anaweza kunaswa kabla watu hawajakaa vizuri vitini, na hatua za kwanza zikawa jambo la kusomewa. Lucena alichapisha kitabu chake Salamanca mwaka 1497. Mwaka 1512 akafuata Damiano, mfamasia Mreno, huko Roma. Masikini Damiano: aliwaonya wasomaji wasilinde kitunda cha kati kwa kitunda kilicho mbele ya askofu wa mfalme, na kosa hilo hilo ndilo linaloitwa kwa jina lake hadi leo.

Mwaka 1560 padri Mhispania, Ruy López, alifika Roma kwa shughuli za kanisa, akakisoma kitabu cha Damiano na hakukipenda. Mwaka uliofuata alichapisha chake, Alcalá. Damiano alisifu kukilinda kitunda kwa farasi. López akajibu kwamba farasi huyo atasumbuliwa mara moja na askofu. Hatua hiyo ya askofu, ndiyo ufunguzi wa Kihispania, ilikwishaandikwa katika mswada wa Göttingen miaka mingi kabla yake, lakini aliyeitetea kwa hoja ndiye aliyeachiwa jina. (Padri huyo huyo alishauri ubao uwekwe ili jua limpige mpinzani machoni. Uchaji una mipaka yake.)

Berlin, karne ya 19, mabishano yakageuzwa jedwali. Bilguer alianza kitabu kikubwa cha mwongozo, akafariki mwaka 1840. Rafiki yake von der Lasa akakikamilisha mwaka 1843. Hatua zilipangwa safu kwa safu, na mtu aliweza kutafuta jibu bila kusoma maelezo marefu. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila kwangu mimi hapo ndipo mwanafunzi alipoanza kukariri asichokielewa. Waandishi wa Belgrade walikwenda mbali zaidi: ensaiklopidia yao, iliyoanza kutoka mwaka 1974, iliondoa maneno kabisa, ikatumia alama ambazo Mrusi na Mbrazili wangezisoma sawasawa. Funguzi zote ziligawiwa namba 500, na ule wa López ukachukua 40 peke yake, C60 hadi C99. Kompyuta zilipokuja, wachezaji wakaanza kubeba mamilioni ya mechi katika diski.

Kati ya namba hizo 40 ulikuwamo ulinzi wa Berlin, uliochambuliwa na mabingwa wa mji ule wa Bilguer na ambao wakubwa wengi waliuona umepitwa na wakati. London, mwaka 2000, Vladimir Kramnik aliutumia mara nne dhidi ya Garry Kasparov, mtu aliyesifika kwa maandalizi kuliko wote. Mechi zote nne zilikwisha sare. Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja katika 15, akapoteza taji la dunia kwa 8.5 dhidi ya 6.5, na waandishi wa vitabu wakarudi mezani kuiandika upya sura ya ulinzi huo, C67.