Baba na mama wakiachana, nani wa kuita?

Zamani, bibi na bwana wakiachana, shauri lilienda kwanza kwa wazee. Kusini ya Katanga, kwa Wasanga na Walamba, wanaofuata ukoo wa mama, mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya mtoto. Kwa Washi wa Kivu, ng'ombe za mahari ndizo zilifunga mtoto na ukoo wa baba. Wazee walijua jamaa zote mbili, njo nguvu yao.

Mijini, watu wa makabila mbalimbali walioana, na desturi ziligongana. Dekreti ya 1926 ilipanga tribinali za wenyeji; ile ya 1931 ikaunda mitaa ya Waafrika yenye tribinali yake. Kisha Sheria ya Jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, ikaagiza hakimu ajaribu kupatanisha mbele ya kuvunja ndoa. Sheria ya 2009 ikaleta tribinali ya watoto.

Basi, ndugu msomaji, kila msaidizi ana kazi yake. Mzee anapatanisha jamaa, lakini hawezi kumlazimisha baba alipe posho, hakimu anaweza. Avoka anatetea mtu mmoja, si wote wawili. Asistanti sosiali anatazama mtoto anaishi namna gani.

Kama ni maneno tu hayapiti, tuite mzee anayeaminiwa pande zote mbili. Kama kuna fimbo, ao mtoto amefichwa, twende kwa hakimu bila kukawia. Na mzee anayehesabu ng'ombe bila kuuliza mtoto analala wapi, tutafute mwingine.